UZI: Lenzi za zamani za fokasi ya mkono kwenye kamera za kidijitali (M42, Helios, Takumar, Nikkor, FD)

#1 MkonoTu

Wakuu salaam. Maswali ya lenzi za zamani yametapakaa kila kona humu, na majibu mengi yanaishia "nunua adapta, funga, piga". Tuyaweke sehemu moja.

Kila aina ya maunti (mdomo wa kufungia lenzi kwenye kamera) ina umbali wake maalumu kutoka uso wa maunti hadi kwenye filamu au sensa. Lenzi ikikaa kwenye umbali huo inaona vizuri hadi mwisho wa upeo. Ikisogezwa mbele hata kidogo, inabaki kuona vya karibu tu. Kwa milimita, lenzi za zamani ziko hivi: Nikon F 46.5, Olympus OM 46, Contax/Yashica 45.5, M42 (ile ya skrubu) na Pentax K 45.46, Minolta SR/MD 43.5, Canon FD 42, Leica M 27.8. Upande wa kamera: Canon EF (DSLR, kamera zenye kioo cha kurukaruka) 44, Canon RF 20, L 20, Micro Four Thirds 19.25, Sony E 18, Fuji X 17.7, Nikon Z 16.

Adapta ni bomba la chuma la kujaza tofauti tu, halina kioo ndani. M42 kwenda Sony E: 45.46 toa 18, unapata mm 27.46. Minolta MD kwenda Sony E: 25.5. Ndiyo maana kamera zisizo na kioo cha kurukaruka zinapokea karibu kila lenzi ya zamani, maana zenyewe ni fupi na nafasi ya bomba ipo.

Kwenye DSLR hesabu inabana. Canon EF na M42 ni mm 1.46, pete nyembamba inatosha na mbali unafika. Nikon F na M42 haiwezekani bila kioo cha kurekebisha, kwa sababu Nikon yenyewe ni ndefu kuliko M42 kwa mm 1.04. Hata adapta ingekuwa haina unene, lenzi ya mm 58 ingeishia mita 3 na kitu. Hizo adapta zenye kioo kidogo ndani zinarudisha umbali ila zinaharibu picha pembeni, hasa tundu (mwanya wa kupitisha mwanga; namba ndogo ya f/ ndiyo wazi zaidi) likiwa wazi. Mwenye Nikon DSLR atafute Nikkor za zamani, asijitese na M42.

Mipangilio ya kamera, maana hapa ndipo wengi wanapokwama siku ya kwanza:

Kamera haioni lenzi yoyote, kwa hiyo inagoma kupiga. Sony ina kipengele "Release w/o Lens", Fuji "Shoot Without Lens". Washa. Tumia modi ya A au M (M unaweka kila kitu mwenyewe). Kwenye A unazungusha tundu kwenye lenzi, kamera inatafuta kasi ya shata yenyewe. ISO ya otomatiki inafaa, ila weka kasi ya chini kabisa kwa mkono, 1/125 kwa lenzi ya mm 50 hadi 58, kwa sababu kamera haijui umefunga lenzi gani na inaweza kukushusha hadi 1/60.

Kama mwili wa kamera una kidhibiti mtikisiko ndani, uandikie urefu wa lenzi kwa mkono. Andika ule uliochongwa kwenye lenzi: 58 ni 58, usizidishe kwa 1.5 hata kama sensa ni ya APS-C (ndogo kuliko fulu fremu). Ukiandika namba kubwa kuliko halisi kidhibiti kinasahihisha kupita kiasi na picha inatikisika zaidi ya kukizima.

Kwa Sony, zima shata ya mbele ya kielektroniki ukipiga kwa kasi kubwa na tundu wazi. Ikiwa imewashwa na lenzi si ya Sony, mwanga unaweza kutofautiana juu na chini ya picha.

EXIF (maelezo yanayohifadhiwa ndani ya faili ya picha) haitakuwa na namba ya tundu. Zoeeni.

#2 kijana_wa_A6000

Mkuu MkonoTu uzi umetulia. Nina Sony A6000 (APS-C), kuna Helios 44-2 (mm 58 f/2, ya M42) naiwania pamoja na adapta yake. Maswali mawili: kwenye sensa yangu inakuwa mm ngapi, na zile pete mbili za tundu ni za nini? Muuzaji mwenyewe hajui.

#3 MkonoTu

@kijana_wa_A6000 upana wa picha utakuwa kama wa mm 87 kwenye fulu fremu (sensa yenye ukubwa wa filamu ya mm 35), yaani 58 mara 1.5. Nzuri kwa sura za watu, nyembamba mno kwa ndani ya nyumba. Ile mandhari ya nyuma inayozunguka kama kimbunga, ambayo ndiyo inaiuza Helios, inatokea zaidi pembezoni, na APS-C inakata pembezoni. Ukiinunua kwa ajili ya kimbunga peke yake utapata nusu yake. Ukitaka kionekane, mtu akae mita 1.5 hadi 2, nyuma yake mita kadhaa kuwe na majani yenye mianya ya mwanga, tundu f/2.

Pete mbili: moja ina namba na inabofya, hiyo unawekea kikomo. Nyingine ni laini haibofyi, hiyo inafungua na kufunga hadi kwenye kikomo tu. Weka kikomo f/4. Fungua pete laini hadi f/2, weka fokasi picha ikiwa na mwanga mwingi, kisha zungusha laini hadi igote bila kuondoa jicho kwenye kitafutio. Piga. Wapiga video wanaweka kikomo f/16 na kutumia pete laini peke yake, tundu linafunga bila mikwaruzo ya sauti.

A6000 haina kidhibiti mtikisiko, na lenzi haina pia. 1/125 ndiyo kiwango, ukiweza 1/200.

#4 FundiVioo

Kabla hajatoa hela akague. Hii orodha ichukueni, inahusu lenzi yoyote si Helios tu.

Chukua tochi kali ya LED. Zima taa, fungua tundu hadi mwisho, mulika kutoka nyuma na utazame kutoka mbele kwa pembe, si moja kwa moja. Kisha geuza. Vumbi dogo halina shida hata likiwa vipunje hamsini. Unachotafuta ni hiki:

Fangasi, nyuzi nyembamba kama mizizi au buibui, mara nyingi zinaanzia ukingoni. Utando, weupe uliotanda sawasawa unaoonekana tu ukimulika. Huo unaua kontrasti kuliko mkwaruzo wa mbele. Gundi ya vioo kuachia, inaonekana kama upinde wa mvua au kiputo kinachoanzia ukingo wa kioo. Hiyo achana nayo, kazi yake haiendani na bei ya lenzi. Mkwaruzo mmoja kioo cha mbele hauonekani kwenye picha, uwe wa kupunguzia bei. Mkwaruzo kioo cha nyuma ni habari nyingine, huo unaonekana.

Mafuta kwenye vipande vya tundu. Kwa Helios 44-2 hayasumbui sana kwa kuwa unafunga kwa nguvu ya mkono. Kwa lenzi zenye pini ya nyuma inayofunga tundu (Super-Takumar ya Pentax, Helios 44M-4, Pentacon Auto) vipande vinatakiwa virudi papo hapo. Weka f/16, bonyeza pini ya nyuma kwa ukucha, achia. Vikijikokota, mafuta.

Pete ya fokasi: izunguke kutoka mwisho hadi mwisho kwa uzito uleule. Ikiwa ngumu sehemu moja tu, lenzi iliangushwa au ilifunguliwa ikarudishwa vibaya. Shika pipa ulitikise. Kucheza kidogo sana ni kawaida ya umri, kugonga siyo.

Angalia vichwa vya skrubu. Vilivyochubuka maana yake kuna mtu aliingia kabla yako.

Helios za Urusi tarakimu mbili za kwanza za namba ya mfululizo kwa kawaida ndizo mwaka. 78 mwanzoni ni 1978. Nembo inaonyesha kiwanda. KMZ ya Krasnogorsk ndiyo inasifiwa, lakini nakala nzuri na mbaya zimetoka viwanda vyote. Hali ya vioo kwanza, nembo baadaye.

#5 Bi Lenzi

Nyongeza kwa alichosema fundi kuhusu pini. Adapta za M42 zipo za aina mbili. Moja ina ukingo ndani unaobonyeza pini, nyingine ni tupu. Lenzi yenye swichi ya A/M (Super-Takumar, Helios 44M ya kwanza) inakubali adapta yoyote, weka M. Lenzi isiyo na swichi, kama Helios 44M-4 na zilizoifuata, ikikaa kwenye adapta tupu inabaki f/2 milele hata uzungushe pete vipi, na watu wanarudi humu kulia lenzi mbovu. Nunua yenye ukingo. Ikishafungwa weka f/16 uchungulie kwa mbele: tundu likibaki kubwa kuliko linavyokuwa ukibonyeza pini kwa kidole, ukingo haufiki vizuri.

#6 nahodha_28mm

Wazee, habari za leo. Nipo Mombasa. Lenzi ya mm 28 f/2.8 ya M42, Sony A7, adapta ya bei rahisi. Karibu iko sawa kabisa, mbali haifiki. Meli zikiwa nje ni tope, hata nikizungusha hadi mwisho. Nikifunga Helios kwenye adapta hiyohiyo mbali inaonekana nzuri kiasi. Lenzi ndiyo imekufa?

#7 MkonoTu

@nahodha_28mm adapta hiyo, ni ndefu kidogo. Lenzi pana ndiyo inaumbua adapta mbaya. Hesabu yake nyepesi: urefu wa lenzi zidisha kwa wenyewe, gawa kwa kosa la adapta. Adapta ikizidi mm 0.1 tu, lenzi ya 28 inaishia mita 8 hivi (784 kwa 0.1 ni mm 7,840). Ya 58 inaishia kama mita 34. Ya 135 mita 180 na ushee. Kwa hiyo Helios "nzuri kiasi" na 28 tope ni dalili ya kitabu kabisa. Ukifunga tundu hadi f/11, kosa la lenzi ya 28 litafichika kidogo, ndio maana wengine hawagundui.

Pima bomba kwa kalipa, sehemu nne kuzunguka, kutoka uso unaokaa kwenye kamera hadi uso ambapo lenzi inagota. Itakiwe 27.46. Zikitofautiana sehemu hadi sehemu kwa zaidi ya 0.03 hivi, imepinda pia na upande mmoja wa picha utakuwa laini; hiyo rudisha. Ikiwa sawa pande zote ila ndefu, fundi wa mashine ya kereza anaweza kunyoa uso wa mbele. Mwambie anyoe 0.1, si "kidogo".

Kufungua lenzi na kusogeza kituo cha mwisho inawezekana (kwa nyingi ni skrubu tatu ndogo chini ya mpira wa pete ya fokasi), lakini ukifanya hivyo umeipindisha lenzi ifuate adapta mbovu. Siku ukibadilisha adapta unaanza upya.

#8 kijana_wa_A6000

Na ikiwa fupi?

#9 MkonoTu

Nyingi ni fupi, viwanda vinafanya makusudi ili mteja asikose mbali. Lenzi inapita mbali kabla haijafika alama ya mwisho. Haiharibu picha, ila namba za umbali kwenye pipa zinadanganya na huwezi kugotesha mwisho usiku ukipiga nyota. Dawa: fungua skrubu za uso wa maunti ya adapta, weka shimu (pete nyembamba ya kujazia). Bati la kopo la soda ni karibu mm 0.1. Kata pete nzima, si vipande vipande, usije ukapindisha.

Jambo jingine dogo. M42 ni uzi wa skrubu, kwa hiyo lenzi inaweza kugota alama zikiwa ubavuni au chini. Adapta nzuri zina skrubu tatu ndogo zisizo na kichwa ubavuni. Zilegeze kwa bisibisi ya fundi saa, pete ya ndani inazunguka, weka alama juu, kaza zote tatu kwa zamu.

#10 Zambarau

Mnazungusha sana. Washa zile rangi za kuonyesha fokasi (peaking), mahali panapowaka nyekundu ndipo pakali, piga. Mimi sioni haja ya kukuza.

#11 Bi Lenzi

@Zambarau kwa video na kwa f/8 sawa. Kwa f/2 hapana, na sababu ni hii. Mm 58, f/2, mtu akiwa mita 1.5, kwenye fulu fremu eneo lote kali mbele na nyuma ni sentimita 8 hivi. Rangi zinawaka kila penye mipaka yenye kontrasti: nyusi, ukingo wa kilemba, herufi za fulana, vyote kwa pamoja. Kamera haikwambii kipi kati ya hivyo ndicho kikali zaidi. Isitoshe lenzi hizi zikiwa wazi kabisa zina weupe laini juu ya maelezo, na mfumo wa rangi unapata shida kuusoma.

Kinachofanya kazi: rangi nyekundu, kiwango cha chini kabisa. Weka mtindo wa picha uwe nyeusi na nyeupe, piga RAW (faili ghafi la kamera). Kitafutio kinakuwa cha kijivu na nyekundu inajitokeza, rangi zako zimo kwenye RAW. Tumia rangi kufika karibu, kisha kuza. Kwenye A7 na A6000 ni kama mara 6 halafu mara 12. Kwa mtu, mara 6 inatosha. Mara 12 mkono unacheza mno. Panga kitufe kimoja kwa kukuza, usiingie menyu kila mara. Lenga jicho la karibu, na ukishapata usikae. Pumzi yako na yake ndizo zinazokula hizo sentimita 8. Piga tatu mfululizo.

Wenye DSLR, msiamini kitafutio cha macho kwa lenzi ya f/1.4. Vioo vya siku hizi vya kulengea vinaonyesha kina kama cha f/2.8 hivi, unaona kali kumbe siyo. Tumia skrini, kuza mara 10.

#12 Zambarau

Nimekupata dada. Ila mtaani huwezi kukuza kila mtu anayepita.

#13 Bi Lenzi

Mtaani huweki fokasi kabisa. Lenzi ya 28, f/8, fulu fremu, weka mita 3.3 kwenye pipa: kuanzia mita 1.6 hadi mbali kote kunakubalika. Ila mistari ya kina iliyochorwa kwenye pipa ilitungwa kwa picha ndogo za filamu. Kwenye sensa ya megapikseli 24 na kuendelea soma mistari ya f/4 ukiwa f/8.

Na hii inategemea namba za pipa kuwa kweli, kwa hiyo rudi kwa #9.

#14 mzee_wa_spotmatic

Takumar hazijaguswa. Super-Takumar 50 f/1.4 ya vioo saba, na baadhi ya 55 f/1.8, zina kioo chenye thoriamu (madini yenye mionzi). Baada ya miongo zinakuwa njano, nyingine kama chai ya rangi. Kamera inasahihisha rangi ila mwanga unapotea.

Dawa ni miale ya UV. Taa ndogo ya LED ya UV, nanomita 365 hadi 395, iwe karibu na kioo cha nyuma maana vioo vyenye thoriamu viko nyuma. Toa filta zote, tundu wazi, chini weka foili ya jikoni irudishe mwanga. Siku kadhaa mfululizo, angalia kila jioni juu ya karatasi nyeupe. Jua letu lina UV ya kutosha na linafanya kazi hiyohiyo, ila lina hatari mbili. Lenzi ni kioo cha kuwashia moto, ukiiacha dirishani bila kuziba upande wa pili unaweza kuunguza pazia. Na joto linayeyusha grisi, inatiririka kwenye vipande vya tundu; unaponya njano unapata mafuta. Taa ni bora.

Mionzi ya thoriamu ni hafifu, kuipigia picha hakuna tatizo. Usisage kioo hicho wala kukikwangua.

Za kuanzia 1971 zilizoandikwa S-M-C zina tabaka nyingi za kuzuia mng'ao, hizo zinavumilia jua la mbele kuliko Helios. Helios ikiona jua kwenye fremu inapauka yote. Kofia ya mpira ya mm 49 inasaidia kuliko filta yoyote ya bei kubwa.

#15 nahodha_28mm

Asante MkonoTu, pande nne ni 27.57 hadi 27.58. Kesho kwa fundi. Swali la pili: fangasi. Huku pwani hata ukuta unaota.

#16 FundiVioo

Fangasi inapenda unyevu wa juu ya asilimia 60 hivi, na Mombasa, Dar na Unguja mko juu ya hapo muda mrefu wa mwaka. Vimelea vyake viko hewani kila mahali, kwa hiyo kutenga lenzi moja "isiambukize" si ulinzi. Ulinzi ni ukavu.

Boksi la plastiki la chakula lenye mpira kwenye mfuniko, lita 10. Ndani silika jeli gramu 200 na haigromita (kipima unyevu) ndogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Usishuke chini ya 30 kwa muda mrefu. Jeli ikibadilika rangi, ioke nyuzi 110 hadi 120 saa moja au mbili, na ile ya bluu usiioke pamoja na chakula kwa sababu ina kobalti. Vifuko vya ngozi vya zamani, vile vizuri vya kahawia, tupa au weka kwenye kabati la maonyesho. Ngozi inakaa na unyevu na ni chakula cha fangasi.

Ikishaingia: haidrojeni peroksaidi asilimia 3 ya duka la dawa, na amonia ya kusafishia, kiasi sawa. Changanya kidogo tu unapotaka kutumia, penye hewa, na kamwe isikutane na jiki, gesi yake inadhuru mapafu. Pamba ya macho, futa kutoka katikati kwenda nje, acha dakika chache, rudia. Malizia kwa maji yaliyotoneshwa kisha alkoholi ya isopropili. Usiguse rangi nyeusi ya ukingo wa kioo, inayeyuka na kuacha mng'ao.

Baada ya kusafisha ukiona alama za mizizi bado zipo kama kivuli, asidi ya fangasi imekula tabaka la kioo. Hilo halirudi. Mara nyingi halionekani kwenye picha isipokuwa ukielekea jua.

Kufika kwenye vioo: pete ya jina mbele hutolewa kwa kizibo cha mpira cha kipenyo kinachofaa, kikandamize na uzungushe. Lenzi za Japani zina skrubu za JIS (nyota ya kiwango cha Kijapani). Bisibisi ya nyota ya kawaida inazichubua. Zikigoma, tone la asetoni kwenye kichwa, subiri, jaribu tena. Ukifungua nyuzi za fokasi, kwangua alama pale zinapoachana, vipande vyote viwili. Nyuzi hizo zina midomo mingi ya kuingilia na mmoja tu ndio sahihi. Bila alama utakesha.

#17 pixel_mdogo

Heshima kwenu. Nikon D7200 na Nikkor 50 f/1.8 AI-S, inapima mwanga?

#18 MkonoTu

Inapima. Menyu ya lenzi zisizo na CPU (chipu ya kuwasiliana na kamera), ingiza 50 na f/1.8, tumia A au M, tundu unazungusha kwenye lenzi. D7000, D7100 na D7200 zina kitufe cha kusomea pete. D7500 walikiondoa, na D3000 na D5000 za kila kizazi hazijawahi kuwa nacho, hizo ni M tu bila kipimo ingawa nukta ya fokasi inawaka. Lenzi za kabla ya 1977 ambazo hazikubadilishwa kuwa AI (pete ya tundu inayosomwa na kitufe hicho) usizifunge kwenye D7000 hadi D7200, zinavunja hicho kitufe.

#19 pixel_mdogo

Na FD? Kuna 50 f/1.4 naiona, nikizungusha pete vipande havisogei. Imekufa?

#20 Bi Lenzi

FD ikiwa mkononi bila kufungwa ndivyo ilivyo. Si ubovu. Adapta yake ina pete ya kufunga iliyoandikwa Lock na Open. Baada ya kuweka lenzi zungusha kwenda Lock, ndipo mkono wa tundu unashikwa. Ukisahau, uko wazi muda wote. Pete ya tundu pia itoke kwenye A au duara la kijani. Kwenye D7200 yako lakini haifai, FD ni 42 na Nikon ni 46.5. Hiyo ni ya wenye kamera zisizo na kioo.

#21 kijana_wa_A6000

Helios nimeipata, safi kwa tochi. Kila kitu kinaenda ila f/11 na kuendelea kuna doa jeupe katikati ya picha, hata bila jua.

#22 MkonoTu

Ndani ya adapta panang'aa. Mwanga unadunda kati ya sensa na bomba, na tundu dogo linaukusanya katikati. Itoe, tazama ndani kwa tochi, utaona nyeusi yenye kung'aa. Piga msasa laini, futa, paka rangi ya ubao wa shule isiyong'aa tabaka mbili nyembamba, au bandika kitambaa chembamba cha mahameli cheusi. Usipake kwenye nyuzi wala nyuso zinazogusana. Acha siku nzima ikauke, mvuke wa rangi usiende kwenye sensa.

#23 Zambarau

Je, zile adapta zenye kioo za kupanua, zinazozidisha urefu wa lenzi kwa 0.71?

#24 mzee_wa_spotmatic

Kwa APS-C zinafaa. Helios inakuwa mm 41 f/1.4, ukizidisha 1.5 unapata upana wa kama 62, na kimbunga cha pembezoni kinarudi. Unapata stopu moja (mwanga mara mbili). Unapoteza ukali pembeni na nyingine zinaleta doa la bluu. Nyingi zina kioo kinachozunguka kurekebisha mbali: legeza skrubu ya ubavuni, zungusha kidogokidogo ukitazama mnara wa mbali kwa kukuza. Fulu fremu haihitaji.

#25 pixel_mdogo

La mwisho, nisiwachoshe. Jupiter-8 ya M39 (uzi wa skrubu wa mm 39), na muuzaji anasema pete ya M39 kwenda M42 inatosha kwenye Sony. Kweli?

#26 FundiVioo

Si kweli. M39 zipo mbili zenye uzi uleule. Za Zenit, kamera ya kioo, ni mm 45.2, hizo pete kwa kawaida inatosha. Za FED, Zorki na Leica za kitafutio cha pembeni ni 28.8. Jupiter-8 na Industar-61 L/D ni za kundi la pili. Ukizipachika kwenye pete ya M42 zinakaa mbele kwa zaidi ya mm 16, na Jupiter-8 ya mm 50 itaona kitu kilicho sentimita 20 tu. Utambuzi: tazama nyuma, ya kitafutio ina mduara wa chuma unaoingia na kutoka ukizungusha fokasi.

Nunua M39 kwenda Sony E yenye urefu wa mm 10.8. Ukikutana na Jupiter-12 ya mm 35, kioo chake cha nyuma kinachomoza sana kuingia ndani ya kamera. Pima kinavyotokeza kwa kalipa na ulinganishe na kina cha mwili wako kabla ya kukaza, na usiizungushe kwa nguvu ikigoma.